Jina la mtu ambaye hakuwepo

"Mwanangu, mimi huo mkopo sijaugusa."

Hakuningoja hata nimalize shikamoo. Alikuwa mama wa makamo, afisa mikopo wa chama kimoja cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, na mimi ndiye niliyewatengenezea mfumo wao wa kompyuta. Wiki tatu kabla ya simu ile alikuwa amehamishiwa tawi la pili, kwenye dawati la kupokea wanachama wapya. Sasa mhasibu alikuwa amechapa taarifa ya mwezi, na ndani yake kulikuwa na mkopo wa dharura wa shilingi 1,200,000 ulioidhinishwa kwa jina lake, siku 9 baada ya yeye kuondoka. Ameshaandikiwa barua ya kujieleza. Amepewa siku 7 za kujibu.

Nilimwambia nitaangalia. Nakiri kwamba moyoni sikumwamini. Nilidhani labda aliingia siku moja kumsaidia mwenzake akasahau, kwa sababu kwa jinsi nilivyoujua mfumo wangu, jina la mtu haliwezi kuandikwa bila mtu huyo kuingia. Jioni nilifungua kumbukumbu za mfumo. Jina lake lilikuwepo, saa 8:47 mchana, kitendo: kuidhinisha. Nikarudi nyuma kutafuta saa aliyoingia siku hiyo. Hakuna. Nikarudi siku moja zaidi, mbili, tano. Mara ya mwisho yule mama kuandika nywila yake ilikuwa siku 13 kabla ya mkopo ule, akiwa bado na kiti chake cha zamani.

Nilikaa mbele ya ile skrini muda mrefu. Mfumo wangu ulikuwa umetoa ushahidi wa uongo dhidi ya mtu mzima mwenye heshima zake, na ofisi nzima ilikuwa imeuamini, kwa sababu kompyuta ndiyo iliyosema.

Ngoja nieleze jambo hili linawezekanaje, maana hata baadhi yetu tunaoandika programu za wavuti hulitumia kila siku bila kulitazama usoni.

Itifaki ya HTTP, yaani taratibu ambazo kurasa za wavuti huombwa na kutumwa, haina kumbukumbu. Kila unapobofya kitu, kivinjari (programu unayofungulia kurasa) hutuma ombi jipya, na seva (kompyuta inayoendesha mfumo) hulipokea kama ombi la mtu ambaye haijawahi kumwona. Mwaka 1994 Lou Montulli, akiwa kampuni ya kivinjari ya Netscape, alikuja na suluhisho ambalo tunalitumia mpaka leo: kidakuzi, yaani kipande kidogo cha maandishi ambacho seva inakikabidhi kivinjari, na kivinjari kinakirudisha kila kinapokuja tena. Ukitaka kuelewa sesheni, yaani kipindi ambacho mfumo unakutambua tangu ulipoingia, fikiria unavyoingia kwenye jengo kubwa la ofisi mjini. Mlinzi wa mapokezi anachukua kitambulisho chako, anaandika jina lako daftarini, kisha anakupa beji: MGENI 27. Kuanzia hapo hakuna anayeuliza jina lako. Kwenye lifti wanatazama beji, ghorofa ya tano wanatazama beji. Ukiidondosha kwenye ngazi na mwingine akaivaa, yeye ndiye MGENI 27, na daftari la mlinzi litaendelea kusema kwamba MGENI 27 ni wewe.

Kwenye wavuti, beji ni namba ndefu iliyochaguliwa bila mpangilio, isiyoweza kubahatishwa. Ukishaandika nywila sahihi, seva inaitunga namba hiyo, inaandika kwenye daftari lake kwamba namba hii ni ya fulani, na kuikabidhi kwa kivinjari. Nywila haiulizwi tena. Watu wengi hulinda nywila kwa bidii na kusahau kwamba, baada ya sekunde ile ya kwanza, nywila haina kazi. Kinachotembea ni beji.

Dunia ililiona hilo wazi Oktoba 2010, pale Eric Butler alipotoa kiongezi cha kivinjari cha Firefox alichokiita Firesheep. Mtu yeyote aliyekaa mgahawani kwenye Wi-Fi isiyo na nywila aliweza kuona majina ya watu waliomzunguka, akabofya moja, akajikuta ndani ya Facebook au Twitter ya mtu huyo. Hakuiba nywila ya mtu. Tovuti nyingi wakati ule zilikuwa zinasimba, yaani kugeuza kuwa maandishi ya siri, ukurasa wa kuingia tu, halafu zinaiacha beji isafiri wazi hewani. Butler alitaka kampuni kubwa zione aibu ya jambo lililokuwa likijulikana miaka mingi, na baada ya hapo HTTPS (HTTP iliyosimbwa) ya tovuti nzima ilianza kuwa jambo la kawaida. Miaka minane baadaye, Septemba 2018, Facebook yenyewe ilitangaza kwamba wavamizi walitumia udhaifu katika sehemu ya "View As" kujipatia tokeni za kuingia, na baadaye ikasema waathirika walikuwa watu wapatao milioni 30. Kampuni ilifuta sesheni za watu kama milioni 90 na kuwalazimisha waingie upya. Haikuwaambia wabadilishe nywila, kwa kuwa nywila hazikuguswa. Zilichukuliwa beji.

Pale kwenye chama chetu hakukuwa na mvamizi. Kulikuwa na kompyuta moja ya kaunta, na kulikuwa na kisanduku kidogo cha "Nikumbuke" kwenye ukurasa wa kuingia, kinachoifanya sesheni idumu siku 30. Kisanduku kile nilikuwa nimekiweka kikiwa na tiki tayari. Wafanyakazi walilalamika kuandika nywila kila asubuhi, nikaona niwarahisishie. Siku yake ya mwisho yule mama alifunga dirisha la kivinjari, akawaaga wenzake, akachukua pochi yake. Jumatatu yake binti aliyekuja kushika nafasi alifungua kompyuta, akaufungua mfumo, ukafunguka bila kuuliza kitu. Akadhani huo ndio ukurasa wa ofisi. Hakuna aliyemwambia vingine. Akafanya nao kazi siku zote hizo, mpaka siku alipokuja mwanachama ambaye mtoto wake yuko wodini. Fomu zimekamilika, mwenyekiti wa kamati ya mikopo ameshasaini kwenye karatasi, na kitufe cha "Idhinisha" kipo pale kinang'aa. Akabonyeza. Mkopo ulikuwa halali na umesharejeshwa wote. Hakuna shilingi iliyopotea.

Wapo walioniambia basi kama hela haijapotea hakuna tatizo. Sikubaliani nao hata kidogo. Mama wa watu alikuwa anaandika barua ya kujieleza kwa kitendo asichokifanya, bodi inajadili jina lake, na wenzake wa tawi jipya wanamtazama kwa jicho lingine. Hilo ni tatizo, na nililisababisha mimi kwa tiki moja.

Halafu kulikuwa na kosa la pili, na hili liliniumiza zaidi kwa sababu nilikuwa nimeliandika kwa makini, nikijua ninachofanya. Siku yule mama alipohama, meneja alifanya kila kitu kwa usahihi. Aliingia kwenye mfumo, akabadilisha wadhifa wake kutoka afisa mikopo kwenda mapokezi, mfumo ukamjibu kwamba mabadiliko yamehifadhiwa. Na kweli yalihifadhiwa kwenye kanzidata, ghala la taarifa zote za mfumo. Lakini mimi, ili kuupa mfumo wepesi, nilikuwa nasoma ruhusa za mtu mara moja tu, pale anapoingia, kisha naziweka ndani ya sesheni yake. Kuanzia hapo kila ukurasa uliuliza sesheni, haukuuliza kanzidata. Kwa hiyo kanzidata ilisema mapokezi, na sesheni iliyobaki hai kwenye kompyuta ya kaunta iliendelea kusema afisa mikopo kwa siku 9 zote. Meneja alidhani amefunga mlango. Alikuwa amebadilisha kibao tu.

Kinachosikitisha ni kwamba onyo hili ni la zamani kuliko mimi. Mwaka 1975 wataalamu wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kuhusu ulinzi wa taarifa ndani ya kompyuta, na miongoni mwa kanuni zao wakasema kila anayetaka kugusa kitu akaguliwe kila mara anapokigusa. Wakaongeza jambo ambalo nimelisoma mara nyingi tangu siku ile: pendekezo lolote la kukumbuka jibu la ukaguzi uliopita kwa ajili ya kuharakisha kazi litazamwe kwa mashaka, na mamlaka ya mtu yakibadilika, majibu yaliyokumbukwa lazima nayo yabadilishwe. Ni kama walikuwa wameketi nyuma yangu wakinitazama nikiandika ule msimbo.

Nimelisema hili mbele ya vijana wa kazi hii na mara zote kuna anayejibu, "Sisi tunatumia JWT, hatuna shida hiyo." Mnayo, tena kubwa zaidi. Tokeni ya JWT (JSON Web Token), aina ya beji inayobeba taarifa zako ndani yake na iliyowekewa kiwango rasmi mwaka 2015, inafanana na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Jina lako limo, sifa zako zimo, muhuri umegongwa. Anayeipokea hapigi simu kwa mtendaji, anakagua muhuri basi. Ni nzuri pale ambapo seva nyingi zinahitaji kukutambua bila kuulizana. Lakini ukihama mtaa leo, barua uliyo nayo mfukoni bado ina muhuri halali. Tokeni iliyoandikwa "afisa mikopo" itaendelea kuwa afisa mikopo mpaka tarehe yake iishe, hata kama mtu amefukuzwa kazi asubuhi hiyo. Anayetaka kuitumia aipe maisha mafupi, dakika chache, au aweke daftari la tokeni zilizofutwa. Na akishaweka daftari, amerudi kwenye sesheni ya kawaida kwa njia ndefu. Kwa mfumo wa ofisi moja wenye watumiaji 20, mimi sioni sababu yoyote ya kuacha sesheni inayotunzwa kwenye seva.

Baada ya makosa hayo mawili nilikosa usingizi, nikaamua kuukagua mfumo wote kana kwamba umeandikwa na mtu nisiyemwamini. Nilifungua akaunti ya mwanachama wa kawaida, nikaenda kwenye taarifa yake ya akiba. Mwisho wa anwani kulikuwa na namba 1042. Nikaandika 1043, nikabonyeza. Mbele yangu ikafunguka taarifa ya mwanachama mwingine: jina, namba ya simu, mshahara, deni, wadhamini wake.

Mfumo ulikuwa umehakikisha kwamba nimeingia. Haukuwa umeuliza kama ninachokiomba ni changu.

Kosa hili ni la kawaida mno. Mwaka 2011 wezi walipata taarifa za akaunti za kadi kama 360,000 za benki ya Citigroup ya Marekani. Walianza kwa kuingia kama wateja, kisha wakabadilisha namba za akaunti kwenye anwani ya ukurasa. Mwaka 2019 iligundulika kwamba kampuni ya First American ya Marekani, inayoshughulika na hati miliki za nyumba, ilikuwa imeacha nyaraka kama milioni 885 zikisomeka kwa kubadilisha tarakimu kwenye kiungo, tena bila hata kuingia. Na OWASP, jumuiya inayoorodhesha udhaifu mkubwa wa programu za wavuti, mwaka 2021 iliupandisha udhaifu wa ruhusa kutoka nafasi ya tano hadi ya kwanza. Hapa kwetu Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na mshahara wa mwanachama unaosomeka kwa kuongeza moja kwenye namba si jambo la kuchekewa na sheria hiyo. Nilikuwa pia nimezoea kuficha vitufe: asiye afisa mikopo haoni "Idhinisha", nikadhani nimemzuia. Nimemficha tu. Ombi lenyewe angeweza kulituma kwa mkono na seva ingelikubali.

Marekebisho yalinichukua wiki mbili, na sehemu moja tu ya kazi hiyo ilikuwa ngumu. Mengine yalikuwa ya kukaa na kuandika. Kila swali kwa kanzidata sasa linabeba mwenye nalo: nipe taarifa namba 1043 ambayo ni ya mwanachama huyu, na kama si yake, haipo. Ruhusa zinasomwa kila ombi. Nilipima, tofauti ya muda mtu hawezi kuihisi. Namba ya sesheni inabadilishwa papo hapo mtu anapoingia, ili beji aliyokuwa nayo akiwa mgeni asiyejulikana isije ikawa beji ya mtu anayejulikana. Kidakuzi kina alama tatu: HttpOnly ili msimbo wa ukurasani usikisome, Secure ili kisitoke nje ya HTTPS, SameSite ili tovuti nyingine isikitumie kwa mlango wa nyuma. Meneja akibadilisha wadhifa wa mtu, sesheni zake zote zinafutwa. Na "Toka" inafuta kwenye seva. Jipimeni kwenye hili: nakili kidakuzi chako, toka, kirudishe kwa mkono, fungua ukurasa. Ukifunguka, kitufe chako cha kutoka kinavua beji bila kufuta daftari.

Sehemu ngumu ilikuwa kupanga muda wa sesheni. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwaka 2017, kwa ngazi ya kati ya usalama, ulitaka mtu athibitishe upya baada ya dakika 30 za kutogusa kitu, au saa 12 kwa jumla. Nikaweka 15 kwa hofu niliyokuwa nayo. Siku ya pili keshia akanipigia akiwa karibu kulia. Alikuwa anajaza fomu ndefu, mzee mmoja akaja na maswali, akamhudumia kama inavyostahili, aliporudi kila kitu kimefutika. Nilimwelewa. Mfumo unaomwadhibu mtu kwa kumhudumia mzee hauwezi kudumu. Watu watautafutia njia ya kuuzunguka, na njia yenyewe naijua, ni nywila iliyoandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi. Sasa muda ukiisha skrini inajifunga, fomu inabaki ilivyo, mtu anaandika nywila anaendelea pale pale. Na kwa kuidhinisha mkopo, hata kama umeingia dakika moja iliyopita, unaandika nywila tena. Hapo hakuna aliyelalamika. Wanaelewa kwamba kusaini ni kusaini. Aliyeingiza ombi hawezi kuliidhinisha yeye mwenyewe, jambo ambalo vyama vya ushirika vililijua kwenye karatasi kabla sisi hatujazaliwa.

Kuna mambo mawili ambayo sikuyaona kwenye mwongozo wowote, nimefundishwa na ofisi zetu. La kwanza ni umeme. Vitabu vinasema kidakuzi kisicho na tarehe ya mwisho hufutika kivinjari kikifungwa. Umeme ukikatika na kurudi, kivinjari kinauliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi, na kikizirudisha hurudi na vidakuzi vyake. Kwa hiyo usitegemee kufungwa kwa dirisha. Seva yenyewe ndiyo ihesabu dakika. La pili ni modemu za simu. Niliwahi kufunga sesheni na anwani ya IP, namba inayotambulisha kifaa au ofisi mtandaoni, nikiamini beji ikitokea mahali pengine basi imeibwa. Tawi la pili lilikuwa linatumia laini ya simu, na anwani yao ilibadilika mara kadhaa kwa siku. Walitupwa nje asubuhi nzima. Siku hizi naiandika IP kwenye kumbukumbu tu.

Na pale ambapo nywila inagawanwa na ofisi nzima, sijawahi kukuta chanzo ni uzembe. Chanzo huwa ni kwamba kupata akaunti ya mfanyakazi mpya kunachukua wiki, na wateja wako foleni leo. Yule binti wa kaunta hakuwa na akaunti yake mwenyewe siku ile. Fomu yake ya kuombewa akaunti ilikuwa mezani kwa meneja, chini ya mafaili mengine. Sasa meneja anafungua akaunti kwa simu yake, kwa dakika mbili.

Niliiandikia bodi barua ya kurasa mbili. Nilieleza kwamba mstari ule wa kumbukumbu unathibitisha sesheni ilitumika, hauthibitishi nani aliitumia, na kwamba kosa la kuiacha hai lilikuwa langu. Bodi iliuliza kama kuna ushahidi mwingine. Uliokuwepo ni daftari la mahudhurio la tawi la pili, la karatasi, lenye saini yake ya kuingia saa 1:40 asubuhi na ya kutoka saa 10:15 jioni siku ile ile. Barua ya kujieleza ikaondolewa kwenye faili lake. Nilikwenda kumwomba radhi ana kwa ana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama jina lake bado limo humo ndani.

Nilimwambia limo. Kumbukumbu za mfumo hazifutwi, hata zikiwa zimekosea. Siku nikijipa uwezo wa kuufuta mstari mmoja kwa nia njema, hakuna mstari utakaoaminika tena. Nilichofanya ni kuongeza mwingine chini yake, wenye tarehe na jina langu, unaosema kwamba kitendo hicho hakikufanywa na mwenye jina hilo. Akataka kuuona. Nikamgeuzia skrini, akavaa miwani, akausoma taratibu, kisha akaniomba nimchapie nakala.